Lea Goldberg: Je, Nafsineni Ndiye Mtunzi?

Swali la nafsineni huwapotosha watahiniwa wengi. Wakiona "mimi" katika shairi, wao hudhani ni mtunzi anayesimulia mambo yake. Katika makala haya tutalitazama kosa hili kwa kumrejelea Lea Goldberg, malenga na mhakiki wa Kiebrania.

Goldberg alizaliwa mwaka wa 1911 mjini Königsberg, uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, akalelewa Kaunas, nchini Lithuania. Kiebrania hakukipata kwa mama. Alijifunza shuleni, kisha akakichagua kuwa lugha ya utunzi wake. Mwaka wa 1933 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Bonn. Mwaka wa 1935 alihamia Tel Aviv, na diwani yake ya kwanza ikachapishwa mwaka uo huo. Baadaye alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. Pia alitafsiri riwaya ya Tolstoy, Vita na Amani, pamoja na soneti za Petrarca. Alifariki mwaka wa 1970, akatunukiwa Tuzo ya Israeli mwaka huo. Mamake ndiye aliyeipokea.

Miongoni mwa kazi zake maarufu ni soneti 12 za mapenzi za miaka ya 1950. Utangulizi wake unaeleza kuwa Thérèse du Meun, bibi wa kikabaila wa Ufaransa wa karne ya 16, mwenye umri wa miaka 40 hivi, alimpenda kijana Mwitalia aliyewafundisha watoto wake. Kijana alipoondoka, bibi huyo aliziteketeza tungo zake, akaingia katika nyumba ya watawa. Thérèse huyu hakuwahi kuishi, Goldberg alimbuni.

Hapa ndipo penye mtego. Goldberg mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na kitu, na hakuwa ameolewa. Je, tuseme Thérèse ni yeye? La hasha! Huenda alichota hisia katika maisha yake, lakini anayenena katika soneti hizo ni mama wa watoto, tena anayebanwa na heshima ya ukoo. Ukimwondoa, unaondoa pia aibu yake na sababu ya kunyamaza kwake.

Je, wasifu wa mtunzi hauna faida? Unayo, hasa tunapochunguza umbo. Kwa kuwa Goldberg alimtafsiri Petrarca, aliifahamu vyema arudhi ya soneti: mishororo 14, minane ikifuatwa na sita. Petrarca alimsifu mwanamke. Goldberg akampa mwanamke zamu ya kunena. Hisia za Thérèse zinataka kufurika, ilhali umbo linazizuia, jinsi adabu inavyomzuia yeye mwenyewe. Huo ndio uhusiano wa umbo na maudhui tunaoutafuta katika uhakiki.

Kwa hivyo, mtahiniwa, uulizwapo nafsineni ni nani, usikimbilie jina la mtunzi. Tafuta ushahidi shairini: jinsia, umri, kazi, hali. Kisha andika, "Nafsineni ni mzazi, kwa sababu..." na utaje maneno yanayothibitisha hoja yako. Nawe mwalimu, wape wanafunzi shairi bila jina la mtunzi, wamtambue mnenaji kwanza. Aliyezoea kusikiliza sauti ya shairi hatababaishwa na jina lililo chini yake.