Suheli, Jaa na Kilimia: Nyota za Pwani Ziko Kajiado

Muulize kijana wa Mombasa maana ya suheli. Ikiwa amekaa na wazee, atakwambia kuwa ni upande wa kusini. Muulize tena kwa nini kusini kukaitwa hivyo, aghalabu atanyamaza.

Suheli ni nyota. Ni ile nyota kubwa nyeupe ya upande wa kusini, ya pili kwa mwangaza katika nyota zote za usiku, ambayo Wazungu huiita Canopus. Jaa nayo, neno la wazee wetu kwa kaskazini, ni jina la nyota ya kaskazini. Watu wa pwani walizitaja pande za dunia kwa majina ya nyota kwa sababu vyombo vyao viliongozwa na nyota. Jahazi likienda Maskati kwa upepo wa kusi, Jaa ilikuwa haionekani mpaka chombo kivuke mstari wa ikweta. Kisha ilichomoza, ikawa inapanda juu kadiri safari ilivyosonga. Mwalimu wa chombo aliupima urefu wake kwa vidole, au kwa kibao kidogo chenye uzi, akajua yuko wapi.

Leo maneno tunayo, lakini nyota zenyewe zimefichwa na taa za miji. Ndiyo maana makala haya yanawashauri wana wa pwani, hasa wale wanaofanya kazi Nairobi na kandokando yake, wakusanye marafiki na kwenda kulala siku mbili Kajiado.

SAFARI YENYEWE

Safari hizi si ngeni. Tangu mwaka 2014 Bi Susan Murabana na mumewe, Chu Owen, kwa shirika lao la The Travelling Telescope, wamekuwa wakizungusha darubini mashuleni na mashambani ili watoto wa Kenya waone kwa macho yao pete za Zohali na miezi ya Mushtari. Lakini hata asiye na darubini anaweza kwenda. Macho yanatosha, mradi pawe na giza.

Atokaye Mombasa hana haja ya kufika Nairobi mjini. Treni ya SGR inayosimama vituoni hushusha abiria Athi River, na Kitengela iko jirani. Walakini usilale Kitengela. Mji huo ulihesabiwa watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019, na mwanga wake umeupausha mbingu wote. Endelea na barabara ya Namanga, upite Isinya, mpaka kwenye mbuga za Kajiado. Mahali pa kulala papangwe mapema, na mwenye ardhi aombwe ruhusa, kwani kila konde lina mwenyewe. Mumsikilize pia akiwaambia wapi fisi hupita.

Katika kuchagua siku, Muislamu ana faida kubwa: kalenda yake ni ya mwezi. Usiku bora ni wa kuanzia tarehe 27 mpaka mwezi uandame, na siku mbili tatu baada yake. Januari na Februari huwa hakuna mawingu mengi. Kikoi peke yake hakitafaa, kwani mbuga hizi ziko juu na usiku wake una baridi. Chukueni mablanketi na chupa za chai ya tangawizi. Mkishazima taa na simu, ngojeni nusu saa macho yazoee. Hapo ndipo ule mkanda mweupe kama moshi, unaokatiza mbingu, utakapojitokeza.

KILIMIA CHA WAWILI

Tazameni kwanza Kilimia, kile kishada cha nyota ndogondogo. Wahenga walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hii si methali ya kupamba maneno tu. Mwishoni mwa Aprili, masika yakinyesha, Kilimia huzama magharibi pamoja na jua, kikapotea zaidi ya mwezi. Mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri upande wa mashariki, na mvua imekwisha. Mkulima alijua wakati wa kulima bila kuuliza mtu.

Sasa mwulizeni mwenyeji wenu Mmaasai. Yeye hukiita Inkokua, na jina hilo hilo ndilo la majira ya mvua ndefu. Mfugaji wa bara na mkulima wa pwani walisoma kitabu kimoja. Zuhura naye humwita Kileken, na wana ngano ya mtoto yatima aliyelelewa na mzee, kumbe ni nyota iliyoshuka. Mzee alipovunja ahadi ya kutoichunguza siri yake, mtoto akarudi mbinguni. Mwandishi wa Tanzania, Tololwa Mollel, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1990 kwa jina la The Orphan Boy.

KIBLA BILA DIRA

Sala ya Isha itawakuta porini, na simu huenda imekwisha moto. Msihangaike. Kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, ndiyo maana wazee waliita kaskazini kibla. Kutoka Kajiado inaegemea kidogo tu mashariki. Katikati ya Februari, kiasi cha saa tatu na nusu za usiku, Suheli huwa iko kusini kabisa. Ipeni mgongo, kisha geukeni kidogo kulia, mmeelekea Kibla.

Haya si mambo ya kupiga ramli. Sura ya Al-An'aam, aya ya 97, imetaja kuwa nyota tumewekewa ili tuongoke katika giza la bara na bahari. Babu zetu walifanya hivyo hasa.

TAA NA GIZA

Hapana shaka taa ina kazi yake. Kitengela ndiko alikokulia Richard Turere, kijana wa Kimaasai ambaye akiwa na miaka 11 alibuni taa ndogo za kumetameta kuzunguka zizi la baba yake, simba wakadhani kuna mtu anatembea na kurunzi, wakakaa mbali. Mwaka 2013 aliieleza dunia uvumbuzi huo. Taa zile zinalinda ng'ombe. Lakini taa nyingi za miji yetu zinamulika juu, ambako hakuna anayezihitaji, na kila mwaka giza la Kajiado linarudi nyuma hatua nyingine.

Mabaharia waliovuka bahari kwa Jaa na Suheli wamebaki wachache, nao ni wazee sana. Kabla ya kufunga safari, nendeni barazani mkawaulize majina waliyofundishwa, myaandike. Kisha mkifika Kajiado wachukueni na watoto, mkawaonyeshe nyota moja moja kwa jina lake la Kiswahili, maadamu bado zinaonekana.