Sehemu ya Pili Ndiyo Msala

Oya, tusidanganyane. Muvi ya mapenzi inayomliza njemba mwenye ndevu zake haina ufundi mkubwa. Mtoto wa kishua kamzimikia mtoto wa uswazi, wazazi wamekaza, wapenzi wanakula kona usiku, muziki unapanda, kwisha habari. Ingia kibanda umiza Mingoyo uone. Watu waliobeba magunia ya korosho kutwa nzima wanajifuta macho na kusingizia vumbi. Ukicheka umetafuta ugomvi.

Na wana haki ya kulia, maana Mingoyo ni ya njia panda. Shuka kwenye basi pale Mnazi Mmoja: njia moja inakupeleka Lindi mjini, nyingine Mtwara, nyingine inapanda Ndanda mpaka Masasi. Huku chini pwani ni misikiti na maulidi, huko juu ni Wabenediktini wa Ndanda na Waanglikana waliopiga kambi Masasi tangu 1876. Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, wote wanapishana kituo kimoja. Sasa dogo wa bodaboda, mtoto wa madrasa kabisa, akidata kwa pisi ya Ndanda yenye rozari shingoni, hiyo si stori ya kutungiwa India. Ipo hapahapa, na inasubiri msimu wa korosho ili ipate nauli.

Madingi wetu walishalizwa na stori hiyohiyo. Bobby, muvi ya Raj Kapoor ya 1973: Rishi Kapoor ni mtoto wa tajiri wa Kihindu, Dimple Kapadia ni binti wa mvuvi, Mkristo wa Goa. Wazazi wanatukanana, watoto wanatoroka, mwisho wanajitupa kwenye maporomoko ya maji, na kila dingi anajikuta kamwopoa mtoto wa mwenzake. Mtu wa pwani ya Lindi akisikia binti wa mvuvi anadharauliwa kwa sababu ananuka samaki, hahitaji tafsiri. Ikaja zamu yetu, Titanic ya 1997. Huko mbele iliitwa filamu, Bongo ikawa mali ya umma. Joshua Amandus Mtani akaichora upya kwa Kiswahili kwenye kitabu cha katuni, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Na ma-DJ wa kutafsiri, waliopita njia aliyoifyeka Lufufu, wakatufundisha kwamba mzungu yeyote kwenye skrini anaweza kuongea kama konda wa Mbagala. Hapo ndipo muvi inanoga.

Ila kuna kitu kinanisumbua kila nikikaa kwenye yale mabenchi. Adui wa muvi hizi hafanani na adui wa kwetu. Kwenye Bobby, anayezingua ni dingi. Kwenye Titanic ni maza wa Rose, familia imefulia na anataka kumuuza binti kwa jamaa mwenye mkwanja. Kusini hatuko hivyo. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye funguo za geti ni mjomba. Dingi unaweza kumlainisha, mkavuta kahawa pamoja, akakuita mwanangu. Bado hujafika popote. Mshenga wako akipeleka posa bila kupita kwa mjomba, anarudishwa na maneno yake mdomoni.

Halafu pwani tumejiongezea kufuli la pili. Ndoa ya Kiislamu inataka walii, naye ni upande wa baba. Kwa hiyo bwana harusi wa Mingoyo anabisha hodi mara mbili: dini inamtuma kwa baba, mila inamtuma kwa mjomba. Na hao wawili wakiwa na bifu la miaka, tuseme la mnazi uliouzwa bila kuulizana, umekwisha. Posa yako inakuwa uwanja wao wa mechi.

Kuna mlango wa nyuma, ndoa ya bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hata mahari yasipolipwa ndoa inasimama, na mtu mzima haombi ruhusa kwa mtu. Freshi. Lakini sheria hiyohiyo inataka mtoe taarifa siku 21 kabla, na taarifa inatangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Siku ishirini na moja, Mingoyo! Habari ya mtu kununua sofa inafika Mkwaya kabla sofa halijashushwa. Ukitaka kufunga ndoa ya siri hapa, umeshamwalika mjomba.

Mlango mwingine ndio ule wa kuchekesha, ndoa ya mkeka. Mmenyakwa geto, wazee wamejaa uani, shehe kaitwa, mkeka umetandikwa, na wewe uliyekuja kula wali unaondoka na mke. Hakuna mwandishi wa Bombay aliyewahi kuwaza kwamba wazazi wanaweza kumkomoa steringi kwa kumpa anachokitaka.

Sasa niwape stori ambayo kwangu mimi inaiacha Titanic mbali, na ni ya kweli. Zanzibar, 1866. Bibie anaitwa Sayyida Salme, mtoto wa Sultani Said bin Sultan, kazaliwa Mtoni mwaka 1844. Si mtoto wa kukaa kizembe. Wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye akajifunza kimyakimya, ananakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, Majid, Salme ndiye alikuwa anaandika barua za mipango. Mapinduzi yakabuma. Baadaye akapatana na Majid, na Barghash hakusahau. Shikeni hapo, tutarudi.

Jirani yake Mji Mkongwe alikuwa mchizi wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa kampuni ya Hansing ya Hamburg. Nyumba zimebanana, mapaa bapa, macho yana njia zake. Salme akapata mimba. Binti wa sultani, hajaolewa, mimba ya Mkristo. Hapo hakuna cha mshenga wala mkeka.

Jaribio la kwanza la kumtorosha likafeli. La pili lilipangwa kijanja, usiku wa tarehe 24 Agosti, msimu wa Siku ya Mwaka, wanawake wanaposhuka pwani kuoga. Salme kashuka nao kama wengine. Boti ya manowari ya Uingereza, Highflyer, inasubiri. Waliosimulia wanasema watumishi wake wawili walikuwa naye: mmoja aliingizwa botini, mwingine alikimbia akipiga mayowe. Meli ikaondoka kwenda Aden. Muziki juu, taa ziwashwe.

Muvi yoyote ingeishia hapo. Bongo muvi ingeandika kwenye kava kwamba kuna sehemu ya pili, ukienda kuinunua unakuta ni watu wanaongea sebuleni saa nzima. Sehemu ya pili ya Salme si ya sebuleni.

Ruete alibaki Zanzibar miezi kadhaa anamalizia biashara. Mtoto akazaliwa Aden bila baba yake kuwepo. Tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa, akaitwa Emily, akafunga ndoa siku hiyohiyo, wakaanza safari ya Ulaya. Yule mtoto akafia njiani. Hamburg wakapata watoto watatu, mabinti wawili na wa kiume mmoja. Agosti 1870 Ruete akapata ajali ya tramu, akafa. Kabla mwaka haujaisha, Majid naye akafa Zanzibar, na aliyekalia kiti ni Barghash. Yule yule mwenye kinyongo.

Piga picha. Mwanamke hana hata miaka thelathini, watoto watatu wadogo, baridi la Ujerumani, lugha ya kuungaunga, na urithi wake Zanzibar umefungwa. Akaanza kufundisha Kiarabu ili mkono uende kinywani. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na hapo mnaona ule mfupa wa ngamia ulivyokuja kulipa.

Kwenye kitabu hicho kuna kipande ambacho mtu wa Kusini lazima kimkamate. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Alitekwa akiwa mtoto kule Ukaukasi na wapanda farasi waliowaua wazazi wake. Walitekwa watatu, yeye, kaka yake na mdogo wao wa kike, kisha wakatenganishwa, na hakuwasikia tena. Umeelewa? Salme alikuwa na mjomba. Alipotelea milimani kabla yeye hajazaliwa.

Hapa ndipo naachana na waandishi wa Bombay. Wao wanadhani kazi ya yule mzee wa getini ni kukaza tu. Kusini mjomba anakaza mwanzoni kwa sababu mwishoni mzigo unamrudia yeye. Ndoa ikibuma, mwanamke anarudi kwao na wanawe, na hao watoto ni wa ukoo wa mama. Anayeulizwa watakula nini, watacheza jando na unyago lini, nani atawatafutia shamba, ni mjomba. Ndiyo maana anauliza maswali ya kukera: huyu kijana anatoka kwa nani, ana mikorosho mingapi, akilewa anakuwaje. Kama dhamana ingekuwa juu yako, hata wewe ungeuliza. Simtetei sana, wapo wajomba wenye tamaa wanaotaka bati za nyumba yao ziezekwe na posa. Ila wa aina hiyo hata kina dingi wapo.

Salme hakuwa na mtu wa kuulizwa swali hilo. Mwaka 1885 akarudi Zanzibar, ndani ya meli ya Wajerumani, na msafara wa manowari. Huruma haikuwemo. Bismarck alikuwa anataka kumbana Barghash kuhusu bara, na dada wa sultani mwenye madai ya urithi na mtoto wa kiume Mjerumani alikuwa karata nzuri. Watu wa mtaani walimpokea kwa shangwe. Barghash akakataa hata kumwona. Wajerumani walipopata walichotaka, karata ikarudishwa mfukoni. Akajaribu tena 1888, akatoka kapa.

Mwaka huohuo wa 1888, kampuni ya Wajerumani ikaja kupandisha bendera pwani hii yetu, Kilwa, Lindi, Mikindani. Septemba watu wakawaka. Kilwa Wajerumani wawili wakauawa, wa Lindi na Mikindani wakachomoka na roho zao. Sisemi mapenzi ya Salme ndiyo yalileta bendera, Bismarck angepata kisingizio kingine. Nasema tu kwamba stori ya paa kwa paa Mji Mkongwe ilifika mpaka huku, na Mingoyo haikualikwa harusini.

Kijiweni nikiipiga hii stori watu wanagawanyika. Masela wengi wanasema Salme alizingua: uache ubinti mfalme kwa karani? Wadada wanasema hapana, alikomaa. Alilea watoto wake wote watatu wakawa watu wazima, akaishi mpaka 1924, karibu miaka themanini, akafia Jena. Niko upande wa wadada. Ila wote tunakubaliana kwamba nikipewa kamera sitaanzia Siku ya Mwaka. Nitaanzia Hamburg 1870, mjane anaandika barua kwa kaka asiyejibu, na DJ ashike maiki hapo aone kama ataweza kuwachekesha watu wa mabenchi.

Yule dogo wa bodaboda anasema muvi hiyo hataiangalia. Ana safari ya Ndanda Jumamosi na mshenga wake, na ameambiwa mjomba wa binti ni katekista.