Dasturi ya Mashua na Mti Uifaao

Neno dasturi katika Kiswahili cha mabaharia si mazoea, bali ni mti mfupi utokezao mbele ya omo ya chombo, wenye kapi ipitishayo goshi, yaani kamba ishikayo upande wa mbele wa tanga. Mabaharia Waarabu wa Ghuba nao huuita mti huo dastur. Kuufasiri kwa kusema "mti wa mbele" tu hakutoshi, kwani kazi yake ndiyo iamuayo mti gani ufaao, hasa ile ya zamani ivunjikapo ikatakiwa badali.

Chombo kiendapo joshi, goshi huivuta dasturi juu na kwa upande. Mkazo huo huzidi kadiri ya kuikaribia omo; kwa hiyo pale dasturi iachapo omo ndipo aghalabu ivunjikapo. Ikivunjika, tanga hulegea, chombo hushindwa kukabili upepo, na kikiwa karibu na mwamba huwa hatarini.

Kwa sababu hiyo yapasa kutazamwa mambo manne. Kwanza, nyuzi za mti ziende sambamba na urefu wake, kwani zikatizapo upande mti hupasuka. Pili, vifundo: kimoja kidogo karibu na ncha chavumilika, lakini penye omo hakifai kabisa. Tatu, kiini, kwa kuwa mti mweupe wa nje huoza upesi, na maji ya mvua huuozesha kuliko maji ya bahari. Nne, uzito, maana dasturi nzito huinamisha omo ya mashua ndogo.

Mvinje hunyooka vyema na una nguvu, lakini ni mzito, nao hupasuka ukikaushwa juani. Hapana budi ukaushwe polepole kivulini. Mvule hustahimili kuoza na mchwa, bali nyuzi zake mara nyingi hupishana. Hivyo wafaa zaidi kwa mbao za ubavuni. Mtiki, upandwao Longuza na Mtibwa katika Tanzania, una mafuta yauhifadhio, na nyuzi zake kwa kawaida zimenyooka.

Ikiwa mti upatikanao ni dhaifu kidogo kuliko ule wa zamani, unene waweza kufidia. Dasturi ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 8 ikifanywa 8.8 kwa mti ule ule, nguvu yake ya kustahimili kupindwa huongezeka kwa karibu thuluthi moja, na uzito wake kwa karibu humusi moja tu.

Mtunga kamusi naye ana fundisho hapa. Chombo kiendeshwacho kwa mashine hakihitaji goshi, na pasipo goshi dasturi haina kazi. Neno hili basi na liandikwe pamoja na goshi, joshi na omo, ili msomaji asiyepata kuona mashua ya tanga asije akalidhani ni kosa la matamshi ya desturi.