Samaki na Mboga Uani: Akwaponiki ya Vifaa Chakavu Garissa

Akwaponiki ni ufugaji wa samaki na ukuzaji wa mboga unaotumia maji yale yale yakizunguka. Samaki hula na kutoa uchafu wenye amonia. Maji hayo hupandishwa kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa mboga, na bakteria waliojishika kwenye kokoto huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati ni mbolea. Mizizi huifyonza, na maji yaliyosafika hurudi kwa samaki. Udongo hauhitajiki, na maji hayamwagwi mara kwa mara kama katika tangi la kawaida la samaki. Mfumo huu kwa sura yake ya kisasa uliendelezwa sana katika Chuo Kikuu cha Virgin Islands, ambako James Rakocy na wenzake waliushughulikia kuanzia miaka ya 1980 katika St. Croix, kisiwa chenye uhaba wa maji matamu. Mmarekani Travis Hughey aliushusha hadi kwa mtu asiye na mtaji kwa kuandika mwongozo wa kuujenga kwa mapipa ya plastiki yaliyokwisha kazi. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha kitabu cha mifumo midogo, na vipimo vyake vingi ndivyo vinavyofuatwa leo.

Garissa, kwa wastani, haipati hata milimita 400 za mvua kwa mwaka, na joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi. Aliye na shamba kando ya mto Tana humwagilia kwa pampu. Aliye mtaani hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwenye mkokoteni wa punda, na mboga anayonunua sokoni huenda imesafiri kwa lori kutoka nyanda za juu. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kote Kaskazini Mashariki, na mifugo ikafa kwa wingi. Mazoea ya kulima bila shamba yapo tayari: katika kambi za Dadaab wakimbizi wamekuza sukuma wiki ndani ya magunia yaliyosimamishwa, yenye nguzo ya mawe katikati ya kupitisha maji, wakayanywesha maji ya kufulia na kuoshea vyombo. Akwaponiki inaongeza samaki kwenye ujuzi huo. Wapokomo na Wamunyoyaya wa kando ya mto wamevua tangu zamani, ingawa kwa familia nyingi za wafugaji samaki bado ni kitoweo kigeni, na ni busara kupima ladha ya nyumbani kabla ya kujenga chochote.

Chombo kikuu kinachofaa ni tangi la mraba la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, lile linaloletea viwanda mafuta ya kula na sharubati. Likikatwa sentimita 35 hivi kutoka juu, kipande cha juu kikigeuzwa huwa kitanda cha mboga, na cha chini hubaki tangi la samaki la lita 600 hadi 700. Lisipopatikana, mapipa ya plastiki ya lita 200 hutosha: moja hupasuliwa kwa urefu likatoa vitanda viwili, na mengine mawili huunganishwa kuwa makao ya samaki. Friji bovu lililolazwa chali nalo ni chombo kizuri kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa kuta zake huzuia joto, mradi fundi ameondoa mtambo wake wa gesi na sehemu ya ndani haijapasuka.

Hatari kubwa iko kwenye historia ya pipa. Garissa ina soko la mifugo ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi Kenya, na pale penye mifugo mingi hapakosi mapipa na mitungi ya dawa za kupe. Chombo kilichobeba dawa ya kuogesha mifugo, dawa ya wadudu au mafuta ya gari hakifai hata kikisuguliwa kwa sabuni siku nzima. Plastiki hunywa sumu na kuiachia polepole. Muuzaji asiyejua pipa lilibeba nini asinunuliwe. Alama ya pembetatu ya mishale yenye namba 2 huonyesha plastiki inayofaa, lakini haisemi lolote kuhusu kilichowekwa ndani. Mabati na koki za shaba ziepukwe pia popote maji yanapopita, kwa sababu zinki na shaba huua samaki hata zikiwa kidogo sana.

Kitanda kijazwe kokoto hadi kina cha sentimita 30, punje za ukubwa wa sentimita moja hadi mbili. Hapa jiolojia ya eneo inaingia moja kwa moja. Wajir na sehemu za Mandera zina mawe ya chokaa kwa wingi, na chokaa huyeyuka polepole ikipandisha pH, kipimo cha asidi na alikali ya maji, hadi mboga zishindwe kufyonza madini ya chuma. Kipimo chake ni rahisi: kokoto chache hutiwa kwenye kikombe cha siki, na zikitoa povu hazifai. Kokoto za mtoni zilizooshwa, au vipande vya matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri, hufanya kazi hiyo. Uzito nao usidharauliwe. Kitanda cha lita 300 kikijaa kokoto na maji hupita nusu tani, hivyo kisimamishwe juu ya matofali ya saruji. Miti ya mathenge, iliyozagaa kila upande wa mji, ni imara kwa nguzo za kivuli. Miiba yake iondolewe yote, kwani mmoja unatosha kutoboa turubai la plastiki.

Kivuli ndicho kinachoamua kama mradi utaishi. Maji ya nyuzi 20 hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 35 hushika karibu 7 tu, wakati ambapo samaki mwenyewe, kwa sababu ya joto, anahitaji nyingi zaidi. Isitoshe, uso wa maji wa mita moja ya mraba ulioachwa juani unaweza kupoteza lita 6 kwa siku. Tangi lizikwe nusu ardhini, lifunikwe juu, na paa la mikeka ya mkoma au magunia ya katani liwekwe juu ya mfumo wote, likiruhusu mwanga wa asubuhi ufikie mboga. Kifuniko cha wavu kina kazi ya pili: korongo wakubwa wanaotua kwenye miti ya Garissa hawatapuuza tangi lenye samaki. Chombo cheupe hupata joto polepole kuliko cheusi au cha buluu, kwa hiyo kupaka pipa chokaa kwa nje ni matumizi mema ya fedha kidogo.

Pampu ndogo ya volti 12 yenye uwezo wa kupandisha lita 700 hadi 1,000 kwa saa huweza kuendeshwa na paneli ya sola na betri ya gari iliyotumika. Jua si tatizo: mwaka 2019 kituo cha umeme wa jua cha megawati 54 hivi kilizinduliwa nje kidogo ya mji huo huo. Tatizo ni usiku, wakati oksijeni hushuka na betri chakavu huzimika. Maji yakipandishwa hujaza kitanda hadi sentimita 5 chini ya uso wa kokoto, kisha hushuka kupitia bomba la kusimama. Kujaa na kukauka huko ndiko kunakoipa mizizi hewa. Anayeanza hahitaji sifoni ya kengele, ile inayomwaga maji yenyewe kitanda kikijaa. Bomba la plastiki lenye tundu dogo chini na mdomo wazi juu, likizungushiwa bomba pana lililotobolewa ili kokoto zisizibe, linatosha pampu ikiwashwa dakika 15 na kuzimwa 45. Uso wa kokoto ubaki mkavu siku zote. Mandera ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2011 na wa chikungunya mwaka 2016, magonjwa yanayoenezwa na mbu wanaozaliana kwenye maji ya nyumbani. Samaki walio ndani ya tangi hula viluwiluwi vya mbu hao, lakini ndoo ya akiba isiyofunikwa huzalisha mbu.

Maji ya bomba huwekwa wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Maji ya visima vya Wajir mara nyingi yana chumvi, na hapo chaguo la mboga hubadilika: spinachi huvumilia chumvi, maharagwe hayavumilii. Baada ya hapo ni subira, na hapa ndipo wengi huua samaki wao wa kwanza. Bakteria huchukua wiki tatu hadi sita kuenea kwenye kokoto. Katika kipindi hicho samaki wachache tu huingizwa na kulishwa kidogo sana, kwa sababu amonia haina wa kuila. Na katika maji ya nyuzi 30, sehemu yake yenye sumu huwa karibu mara kumi pH ikiwa 8 kuliko ikiwa 7. Karatasi za kupimia amonia na nitriti ndicho kifaa kipya pekee ambacho hakifai kubanwa bajeti.

Kambare ni samaki wa busara kwa Garissa. Ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, hivyo pampu ikizimika usiku ataamka hai, ilhali ngege (tilapia) wangekutwa wakielea asubuhi. Ngege kwa upande wake ana ladha inayokubalika na wengi na hahitaji chakula chenye protini nyingi kama kambare. Vifaranga hupatikana katika kituo cha serikali cha ufugaji samaki cha Sagana, Kirinyaga, kwenye mto ambao ukishuka ndio huo huo Tana. Ofisa wa uvuvi wa kaunti aulizwe kwanza kuhusu aina inayoruhusiwa. Mfumo usijengwe kwenye bonde linalofurika. Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yalivamia mitaa ya Garissa, na samaki wa kigeni akitoroka huathiri wa asili wa mto.

Idadi ya samaki hutokana na eneo la mboga. Mboga za majani huhitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kitanda cha mita 1.2 za mraba kinapokea basi gramu 60 hivi, nazo hulisha samaki kumi na wawili wanaoelekea nusu kilo kila mmoja. Wakizidishwa hadi hamsini kwa tamaa, kokoto hazitaweza kusafisha maji. Chakula cha dukani ni ghali. Omena waliosagwa na kuchanganywa na pumba za ngano hupunguza gharama, na majani makavu ya mlonge huongeza protini. Kinachobaki bila kuliwa baada ya dakika 15 kiondolewe.

Sukuma wiki, mchicha, kunde za majani, dania na mnanaa hufanya vizuri tangu mwanzo. Nyanya na bamia zisubiri miezi michache mpaka uchafu wa samaki urutubishe kitanda. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, madini ya chuma yamepungua, hali ya kawaida kwenye maji magumu. Maji ya mvua yakikingwa na kuongezwa hushusha pH bila kudhuru bakteria, ilhali ndimu na siki huwadhuru. Wadudu watolewe kwa mkono. Dawa yoyote inayopuliziwa majani hufika kwa samaki, na hata maji ya mwarobaini, yanayotumiwa kwa moyo mweupe katika bustani nyingi za eneo hili, yanaweza kuwadhuru.

Mchicha huvunwa baada ya wiki nne hivi, ngege baada ya miezi sita hadi minane. Maji yanayoongezwa, mfumo ukiwa umetiwa kivuli, ni kama nusu mtungi kwa siku. Samaki watolewe wawili watatu kwa wakati na vifaranga viingizwe mahali pao, ili bakteria na mboga wasikose chakula ghafla. Tope linalokusanyika chini ya tangi huchotwa na kumwagwa kwenye shina la mpapai.