Kompyuta ya kwanza ya kijana wako: Ipozwe kwa feni au kwa maji?

Dar es Salaam. Vifaa vimekusanywa kimoja kimoja kwa miezi, sasa kimebaki kipoza joto cha prosesa. Kijana anataka cha maji, kwa sababu kinapendeza na kina taa. Mzazi, ambaye ndiye anayelipa, anauliza: maji na umeme vitakaaje pamoja?

Ndivyo mjadala unavyoanza nyumbani kijana anapoamua kuunda kompyuta yake mwenyewe. Uamuzi huo hauhusu fedha tu. Unagusa pia usingizi na usalama wa wanaolala chumba kimoja na mashine hiyo.

Bodaboda na gari

Tofauti ya vipoza hivi ni kama ya injini ya bodaboda na ya gari. Injini ya bodaboda ina mapezi ya chuma yanayopigwa na upepo. Kipoza cha hewa hufanya vivyo hivyo: mirija ya shaba hupeleka joto kwenye mapezi, kisha feni hulipeperusha. Cha maji ni kama gari: pampu huzungusha kimiminika kwenye mipira hadi kwenye rejeta yenye feni.

Vyote viwili hutegemea hewa ya chumbani. Chumba kikiwa na nyuzi joto 32, hakuna kati yake kitakachoishusha prosesa chini ya hapo.

Prosesa ya wati 65, inayotosha masomo na michezo mingi, hupozwa vizuri na kipoza cha hewa cha bei nafuu. Rejeta ya milimita 240 au 360 huwa na maana zaidi kwa prosesa inayokula wati 200 au zaidi kwa muda mrefu.

Usingizi na vumbi

Cha maji nacho kina kelele: kuna feni zake, na pampu huzunguka muda wote. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1999 lilipendekeza kelele za mfululizo katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30. Feni kubwa inayozunguka polepole huwa tulivu kuliko ndogo inayokimbia.

Vumbi likijaa, joto hupanda na feni huongeza kasi. Kompyuta ichomolewe kwenye umeme na kusafishwa nje, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu.

Kikiharibika

Feni ikifa, hununuliwa nyingine. Pampu ikifa, mara nyingi kipoza kizima hubadilishwa. Kuvuja hutokea mara chache, lakini kunaweza kuunguza bodi na vifaa vingine. Baadhi ya vimiminika hivyo vina glaikoli. Mtoto akimeza, awahishwe hospitali.

Kwa hiyo, kwa anayeunda kompyuta kwa mara ya kwanza, cha hewa ndicho salama kwa mfuko na kwa familia.

Kabla ya kulipa, pima nafasi ndani ya kasha, kwani vipoza vikubwa vya hewa hufikia kimo cha milimita 165. Wakati wa kufunga, bandua plastiki ya chini, kisha weka pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mbaazi.

Fedha inayobaki inunue pawa saplai nzuri. Na kijana asinune: feni zenye taa zipo pia.