Mawe na Chokaa (Sehemu ya Saba): Mfereji wa Nje Katika Ukuta Mnene

Miradi ya maji ya kisiwani Unguja, ukiwemo ule wa mkopo kutoka India, ilizirudisha magazetini habari za visima vipya, matangi na mabomba yaliyolazwa mjini na mashamba, na kila bomba linapofika kwenye kiambaza cha nyumba huzuka suala ambalo ripoti za miradi haziligusi, nalo ni namna ya kuyapitisha maji ukutani mpaka kwenye mfereji wa nje, yaani bomba la kuchotea, bila ya kuudhuru ukuta. Kwa nyumba ya matofali ya saruji jambo hilo humalizika kabla ya chai ya saa nne. Kwa nyumba ya mawe na chokaa, iwe ya ghorofa tatu pale Shangani au ile ya chini iliyosalia Bwejuu baina ya hoteli na ufuo wa mwani, kinachotakiwa kutobolewa ni ukuta wenye unene wa nusu mita na zaidi, uliojengwa kwa kanuni nyengine kabisa, na anayeushughulikia kama tofali huuanzishia maradhi ambayo huenda yasionekane mpaka miaka kadhaa imepita.

Sehemu zilizotangulia zimekwisha kueleza uchomaji wa chokaa, boriti za mikoko na sababu ya vyumba kuwa vyembamba, kwa hiyo hapa inatosha kukumbusha umbo la ukuta wenyewe. Mwashi wa kale alipanga nyuso mbili za mawe ya matumbawe, moja ya ndani na moja ya nje, na nafasi ya kati akaijaza vipande vidogo vya mawe, udongo mwekundu na chokaa, mfano wa sambusa ambayo uimara wake umo katika ngozi na si katika kilichotiwa ndani. Mshiko wa chokaa ni laini, nao una vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno vinavyopitisha unyevu, hivyo kwamba maji ya mvua ya masika yanayoingia ukutani hutoka tena yenyewe jua linapowaka. Ukuta wa namna hiyo haukujengwa ili usiingiwe na maji. Ulijengwa ili maji yakiingia yapate njia ya kutokea, na mambo yote yatakayosemwa hapa chini yanategemea kanuni hiyo moja.

Kupitisha maji ukutani si jambo lililokuja na mabomba. Katika misikiti mingi ya kale ya mwambao, kisima na birika la kutawadhia vilijengwa kwa namna ambayo maji yaliyotekwa yalimiminwa katika njia nyembamba iliyopakwa chokaa, na katika nyumba za mawe za Lamu birika la chooni liliwekewa bakuli la kaure chini yake na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Msikiti wa Kizimkazi, ulio upande wa kusini wa kisiwa hiki hiki na wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, unathibitisha kwamba mafundi wa kusini mwa Unguja walikuwa wakiyachonga matumbawe kwa ustadi mkubwa karne nyingi kabla ya kusikika kwa Sultani yeyote wa Oman. Tofauti iliyopo baina yao na fundi wa leo ni kwamba wao waliiacha njia ya maji wakati ukuta ukijengwa, ilhali yeye huitafuta baada ya ukuta kusimama miaka mia na hamsini.

Lakini aliyeubadilisha kabisa uhusiano wa maji na kuta za Mji Mkongwe ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na habari zake zinastahili kuelezwa kwa urefu kwa kuwa husomeshwa kwa juu juu. Mwaka 1859, baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Sayyid Majid, Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, akakaa huko kiasi cha miaka miwili, na ni katika muda huo huo, mwaka 1860, ndipo mji wa Bombay ulipoanza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar. Mtoto wa mfalme aliyekulia katika mji wa visima aliyaona maji safi yakisafirishwa kutoka mbali mpaka katikati ya mamia ya maelfu ya watu, na ni vigumu kuamini kwamba aliyoyaona hayakumkaa moyoni. Alipotwaa kiti, Unguja ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika janga la kipindupindu la 1869 na 1870 lililoua maelfu, ambalo daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati huo, aliliandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Visima vya mji vilikuwa vifupi, na makaro ya vyoo yalichimbwa jirani navyo katika mwamba ule ule wa matumbawe usioweza kuchuja kitu. Kisha Aprili 1872 kikaja kimbunga kilichozamisha vyombo bandarini na kuing'oa mikarafuu, na hazina ikapwaya.

Pamoja na dhiki hiyo yote, Barghash aliyaleta mjini maji ya chemchemi za Bububu, kaskazini ya mji, na watu wakayateka bila ya kulipa. Huyu ndiye aliyejenga Hamamni, hamamu ya wote iliyosimamiwa na fundi wa Kiajemi Haji Gulamhussein, ambamo maji ya moto na ya baridi yalipita katika vyumba vya mawe na chokaa. Na ndiye aliyejenga kasri ya Beit al-Ajaib mwaka 1883. Watu huitaja Beit al-Ajaib kwa sababu ya taa za umeme na lifti. Ingekuwa haki zaidi kama Barghash angekumbukwa kwanza kwa maji, maana lifti ilimpandisha mfalme na wageni wake, na maji yalimfikia mchukuzi wa bandarini. Mtawala anayeyatoa maji nje ya kasri yake na kuyaweka panapofikiwa na mpita njia ametenda tendo ambalo dini na utu vinalikubali kwa pamoja, na wenye nyumba za leo wanaofunga mifereji yao ndani ya geti lenye kufuli wana la kujifunza kwake.

Yaliyofuata hayapendezi kuyasimulia. Mabomba yaliongezeka katika kuta ambazo hazikuandaliwa kwa ajili yake, na baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilipochukuliwa na Serikali na kugawanywa kwa familia kadhaa kila moja, kila jiko likataka bomba lake na kila bomba tundu lake. Maji yaliyovuja polepole yaliozesha vichwa vya boriti na kuilegeza chokaa ndani ya ukuta, na kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikiporomoka. Ndipo mwaka 1985 ilipoundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe ilianguka, na watu waliokuwa wakipita mbele yake maisha yao yote wakaanza kuzitazama kuta za nyumba zao kwa jicho jengine.

Adui mkubwa katika matengenezo haya ni saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yaliyomo ukutani hukwama nyuma yake, na chumvi iliyomo ndani ya maji hayo, ambayo katika kijiji cha ufuoni kama Bwejuu ni nyingi, huganda na kuwa fuwele zinazolipasua jiwe. Fundi huliona jiwe likimung'unyika pembezoni mwa kiraka chake, akaongeza saruji, na uharibifu ukasogea hatua moja mbele. Kuitupa chokaa kwa sababu inachukua siku nyingi kukauka ni kuibadilisha subira ya wazee kwa haraka isiyo na faida.

Kwa anayetaka kuutoboa ukuta wake sasa, kanuni ni chache. Mashine itumike kwa kuzunguka tu, bila ya kugonga, kwani kugonga hukitikisa kifusi cha katikati kikaporomoka na kuacha uwazi usioonekana. Ncha ya kawaida haifiki upande wa pili, hivyo hutafutwa ndefu, likaanzwa tundu dogo kwenye kiungo cha chokaa baina ya mawe, mbali na pembe, fremu za milango na vichwa vya boriti, kisha likatanuliwa kutoka pande zote mbili ili lipu ya nje isibomoke. Tundu liinamie nje kidogo. Ndani yake hupitishwa kwanza bomba pana la plastiki, na bomba la maji likapita humo bila ya kushikana na ukuta, ili likiharibika litolewe pasipo kubomoa. Bomba la chuma tupu lisizikwe ukutani hata kidogo, maana kutu huvimba na kupasua.

Hatari iliyo kubwa kuliko tundu iko chini ya mfereji. Matone yanayoanguka kila siku kwenye mguu wa ukuta huingia msingini, ambako mara nyingi mawe yameshikwa kwa udongo kuliko chokaa, kwa hiyo mfereji ufungwe juu ya nguzo yake yenyewe, hatua moja au mbili kutoka ukutani, na maji yanayomwagika yapelekwe kwenye mnazi au mgomba. Iwepo pia vali ya njia moja, yaani kifaa kinachoruhusu maji yatoke na kuyazuia yasirudi, kwa sababu huduma inapokatika bomba hunyonya, na mpira ulioachwa ndani ya ndoo chafu huyarudisha machafu hayo katika maji ya kunywa ya nyumba nzima. Kipindupindu kilichozuka tena Zanzibar mwaka 2015 kilionyesha kwamba onyo hili si la enzi ya Christie peke yake.

Ndani ya Mji Mkongwe kazi hiyo hutanguliwa na kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Nafasi iliyobaki pembezoni mwa bomba hujazwa chokaa iliyozimwa vizuri, ikachanganywa na mchanga wa shimoni na si wa pwani, ikashindiliwa tabaka kwa tabaka juu ya mawe yaliyoloweshwa kwanza, ikafunikwa gunia bichi kwa wiki nzima, na ndipo ukuta unapopakwa chokaa nyepesi mara tatu, kila mkono ukisubiri ule wa kabla yake ukauke.