Sataranji ya dakika moja: Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi

HUENDA umewahi kumwona kijana nyumbani ameinamia simu usiku wa manane, kidole kikigonga kioo upesi upesi. Si lazima awe anaandika ujumbe. Wengi siku hizi hucheza sataranji, ama chesi, kupitia intaneti na watu wasiowajua. Katika aina moja yenye kasi sana, kila mchezaji hupewa dakika moja tu kwa mchezo mzima. Saa ikimwishia hushindwa, hata kama alikuwa amebakisha hatua moja amnase mfalme wa mwenzake.

Anayetaka kuimarika hudhani dawa ni kucheza mara mia kwa usiku. Sivyo.

Yafaa ifahamike kuwa bingwa wa mchezo huu hafikirii haraka kuliko wewe. Yeye hutambua haraka. Mnamo 1973 wataalamu William Chase na Herbert Simon wa Marekani walichapisha utafiti ambapo wachezaji walionyeshwa ubao kwa sekunde tano, kisha wakatakiwa kuupanga upya. Kete zilipotoka katika mchezo halisi, bingwa alikumbuka nyingi mno kuliko anayeanza. Zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake ulikaribia kutoweka. Maana yake ni kwamba ubongo wake umehifadhi mipangilio mingi aliyoizoea, kama vile msomaji atambuavyo neno zima bila kuhesabu herufi.

Mipangilio hiyo hujifunzwa polepole. Cheza michezo ya dakika kumi au kumi na tano, fumbua mafumbo machache kila siku, na urudie michezo uliyoshindwa ili uone ulipoteleza. Shika mianzo miwili au mitatu uijue vyema, usije ukapoteza sekunde ishirini kabla vita havijaanza. Ukirudi kwenye kasi, chagua kwanza aina inayoongeza sekunde moja au mbili kwa kila hatua.

Kisha lala. Ubongo huimarisha yale uliyojifunza wakati wa usingizi, na mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Aliyekesha huchelewa kuitikia na hukosa umakini, mambo mawili ambayo mchezo wa dakika moja hauyasamehi. Kucheza kitandani huzidisha shida, kwa kuwa mashindano huamsha mwili: moyo hudunda, kichwa nacho hukataa kutulia. Acha simu nje ya chumba cha kulala. (Wazazi, nanyi pia.)

Jihadhari na hasira. Mtu akishindwa mara mbili hutaka kulipiza papo hapo, akacheza vibaya zaidi. Ukishindwa mara tatu mfululizo, ondoka, unywe maji, utembee kidogo.

Macho nayo huumia, kwani anayekazia kioo hupepesa kope mara chache na macho hukauka. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Shingo usiikunje, inua simu ifikie usawa wa macho, au tumia kompyuta ukiweza, maana kwenye kioo kikubwa kidole hakikosei kete ovyo.

Maumivu madogo ya kifundo cha mkono kwa kawaida hupungua ukipumzika siku chache. Lakini vidole vikifa ganzi, hasa usiku, au ukianza kuangusha vitu, mwone daktari.